Maji ya Sukuma

Mwaka juzi kikundi chetu kilipanda miche 40 kando ya barabara ya mtaani. Ilikuwa Jumamosi. Tulikuja na majembe na fulana za rangi moja, tukachimba, tukapiga picha, tukaenda zetu. Kufikia saa saba mchana kila mtu alikuwa ameposti.

Miezi minane baadaye tulirudi tukakuta mitatu tu. Mingine ililiwa na mbuzi, mingine ilikauka Januari. Ile mitatu ilisimama karibu na kibanda cha mama mboga, imenifika kifuani.

Tulifurahi sana. Mmoja wetu akapendekeza tuizungushie ua na kubandika kibao chenye jina la kikundi. Shida ilikuwa kibanda: kilikaa pale pale ua ungepita. Tukamwendea mama, kwa heshima kabisa, tukamwomba asogee kidogo. Hakukataa. Aliuliza tu, "Sawa, watoto wangu. Na nikitoka hapa, itakunywa maji ya nani?"

Kumbe kila jioni alikuwa akiimwagilia maji aliyooshea sukuma.

Tangu siku hiyo najiuliza: mti ni wa nani? Anayeuweka ardhini hudhani ni wake. Lakini wazee walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kupanda ni ahadi, na ahadi ya mti hutimizwa kwa miaka. Sisi tulitoa ahadi, mtu mwingine akaitimiza bila kuombwa, kisha tukataka kibao kiwe na jina letu.

Na si sisi peke yetu. Novemba 13, 2023 ilikuwa likizo ya kitaifa ya kupanda miti, na lengo la serikali ni miti bilioni 15 kufikia 2032. Si vibaya. Ila angalia kinachohesabiwa: kupanda.

Juni 5, 1977, Wangari Maathai na wenzake walipanda miti saba Kamukunji, na hapo ndipo Green Belt Movement ilipoanzia. Kazi ilipoenea vijijini, akina mama walilipwa kiasi kidogo kwa kila mche ulioshika. Mche uliokufa haukuwa na malipo. Naona haki katika utaratibu huo: sifa inaenda kwa aliyebaki.

Utaniambia mama alimwagilia kwa sababu anataka kivuli. Basi na iwe hivyo. Sisi tulipanda kwa sababu ya picha. Nikipima nia hizi mbili, yake ndiyo iliyochota maji.

Kinachoniuma zaidi ni neno moja. Tulisema tunarembesha mahali pa umma. Huo umma ni nani, ikiwa mtu anayekaa pale tangu alfajiri hadi giza likiingia hakuwemo? Tulimwona kama kitu kinachoharibu bustani, na bustani yenyewe ni yeye aliyeiweka hai. Kujitolea kunaweza kukupofusha hivyo: unatoa kwa moyo mkunjufu, halafu unaanza kujiona mwenye mahali.

Kibao hatukubandika. Kibanda kiko palepale. Siku hizi tunaenda kwa zamu, wawili wawili. Nikifika Jumamosi na jerikani yangu, namuuliza mama kwanza ni upi una kiu.