Mlezi au Bwana? Maneno Machache Juu ya Kumlea Mtoto Usiyemzaa

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aliyezaliwa hali ya kuwa baba yake amekwisha kufa, akalelewa na mikono ya watu. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu Waislamu wa pwani, ziko kazi za kheri ambazo jina lake ni tukufu, hatta mtu akisha kulisikia jina huacha kuitazama kazi yenyewe. Moja katika hizo ni kulea mtoto wa mwenzio. Mtu akisema, "Huyu namlea," watu humwombea dua, na maneno yakaisha hapo. Hapana aulizaye: wamlea vipi? Nami katika kurasa hizi chache nataka kuliuliza swali hilo, kwani baina ya mlezi na bwana pana mpaka mwembamba, na wengi wetu tumekwisha uvuka bila ya kujua.

Sababu ya kuandika ni hii. Nalikuwa Bariadi katika msimu wa pamba. Bariadi ndiyo makao makuu ya mkoa wa Simiyu, ulioundwa mwaka 2012, sehemu yake kubwa ikitengwa na Shinyanga. Ni nchi ya Wasukuma, watu wa pamba na ng'ombe. Katika kijiji kimoja nje ya mji nalimkuta bibi mmoja mzee akilea wajukuu watatu waliofiwa na baba na mama. Akanambia kwamba walikuwa wanne. Wa nne, binti wa miaka kumi na mmoja, alichukuliwa na mtu wa pwani, Mwislamu, aliyeahidi kumlea na kumsomesha. Kisha akaniuliza: "Baba, wewe watoka huko. Mjukuu wangu sasa yu darasa la ngapi?"

Wallahi nalishindwa kumjibu. Nyumba ile naijua, na binti yule namjua. Huamka kabla ya adhana ya alfajiri akawasha moto na kukaanga maandazi ya kuuza. Watoto wa nyumba wakisha kwenda skuli, yeye hubaki na ndoo na sufuria. Na lililonichoma zaidi ni kuwa mimi mwenyewe nimekwisha kunywa chai aliyoniletea, nikamsifu mwenye nyumba kwa kheri yake.

Niliporudi nalimwendea yule ndugu, tukakaa barazani, nikamweleza. Akanijibu kwa hoja mbili, na hoja zake si zake peke yake. Ni zetu sote, basi yafaa tuzipime.

Hoja ya kwanza alisema: "Mimi nimemwokoa na njaa. Kwao alikuwa akila mara moja, kwangu hula mara tatu." Haya ni kweli, wala hatuidharau neema ya chakula. Lakini tuangalie: ng'ombe wa jembe naye hulishwa, na mwenye akili humlisha vizuri zaidi wakati wa kulima. Ikiwa chakula peke yake ndicho kinachomfanya mtu kuwa mlezi, basi kila mwenye zizi ni mlezi. Kilicho baina ya mlezi na bwana si kulisha, bali ni kule kulisha kunakusudiwa nini. Mlezi humlisha mtoto ili mtoto awe mtu. Bwana humlisha ili kazi ifanyike. Na alama ya kupambanua ni nyepesi, kila mtu aweza kuitumia nyumbani mwake usiku wa leo. Atazame: nani huamka mbele, na nani hulala nyuma? Nani huenda skuli na chuoni, na nani hubaki? Kikivunjika kikombe, mtoto wako waambiwaje, na yule wa mwenzio aambiwaje? Qur'ani katika sura ya Al-Maun imemtaja mwenye kumsukuma yatima kuwa ni katika wanaoikadhibisha dini, kabla ya kutaja wenye kusahau sala zao. Na kusukuma si kwa mkono tu.

Hoja ya pili ilikuwa na nguvu zaidi. Alisema: "Hatta Anas bin Malik alimtumikia Mtume tangu utoto wake. Mbona hukumwambia Mtume kuwa ni bwana?" Naam, Anas alitumika miaka kumi. Lakini na tuisome khabari yote, tusichukue nusu iliyotufaa. Anas aliletwa na mama yake mwenyewe, na mama huyo alikaa mji ule ule, akimwona mwanawe na kujua hali yake. Anas mwenyewe ndiye aliyesimulia kwamba katika miaka yote hiyo hakusikia neno la kuguniwa, wala hakuulizwa kwa nini amefanya hili au ameacha lile. Na alipotoka katika utumishi ule alitoka hali ya kuwa mwanachuoni, watu wa Basra wakimfuata kutaka ilimu. Basi mwenye kutaka hoja ya Anas na aichukue pamoja na masharti yake: mzazi au jamaa aone, ulimi uzuiwe, na mtoto atoke na ilimu. Kazi ndogo ya nyumbani ambayo mtoto wako naye huifanya ni adabu. Kazi ambayo mtoto wako haifanyi, naye yatima huifanya kutwa, ni ujira usiolipwa. Na serikali nayo imelikataza jambo hili: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekataza kumtumikisha mtoto kazi ya kumdhuru au kumnyima masomo, na sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu yawagusa wanaowatoa watoto makwao kwa ahadi za uwongo.

Sasa twende kwenye jambo la nasaba, maana hapa napo tunateleza. Wako wanaompenda mtoto kwa dhati, na kwa mapenzi wakamfuta jina la baba yake wakampa la kwao. Sharia imekwisha litolea hukumu: Zayd bin Haritha alikuwa akiitwa mwana wa Muhammad, hatta zikateremka aya za sura ya Al-Ahzab zikaamrisha watoto waitwe kwa baba zao, akarudi kuitwa Zayd bin Haritha, wala mapenzi ya Mtume kwake hayakupungua. Na ajabu ni kuwa Wasukuma, hatta wasiokuwa Waislamu, wana desturi ya namna hiyo: humtaja mtu kwa neno "ng'wana", yaani mtoto wa, kisha jina la mzazi wake. Basi ukimwondolea mtoto wa Bariadi jina lake umemnyang'anya kitu ambacho dini yako na kabila lake vyote viwili vimemhifadhia.

Kutoka hapo hufuata mambo mengine. Mtoto wa kulelewa hakurithi, lakini waweza kumwusia katika thuluthi ya mali yako, na mwenye kumpenda asingoje maradhi. Mali yake, kama anayo, ni amana. Na aya ya sura ya An-Nisaa juu ya wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma yatosha kumnyima mtu usingizi. Naye akibaleghe si maharimu wa watu wa nyumba, illa kama alinyonyeshwa kabla ya kutimiza miaka miwili, na katika madhehebu yetu ya Shafii ni mara tano. Basi chumba na sitara vifikiriwe mapema.

Huenda mtu akasema: "Umetutisha, sasa nani atalea?" La, sikutaka kutisha, nimetaka mlango ujulikane ulipo. Mwenye nia asichukue mtoto kituo cha basi kama achukuaye mzigo. Na awaendee kwanza wazee wa mtoto, wa kuumeni na wa kukeni, maana kwa Wasukuma ng'ombe wa mahari wana neno katika kujua mtoto ni wa upande gani. Kisha na amwendee afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Sheria ile ya 2009, pamoja na kanuni zake za mwaka 2012, imeweka utaratibu wa malezi ya kambo: mwombaji huchunguzwa tabia na nyumba yake, na mtoto akisha kukabidhiwa, afisa huja kumtazama. Hayo si kama kuasili, ambako huamuliwa na Mahakama Kuu na kumpa mtoto wazazi wapya. Mlezi wa kambo hushika mahali pa mzazi wala hamfuti. Na huko Zanzibar, Sheria ya Watoto ya mwaka 2011 imeitaja kafala kwa jina lake. Wako wanaoona uchunguzi huo kuwa ni fedheha. Lakini mwenye kuchukua amana huogopa mashahidi, au huwataka?

Na mlezi naye ana haki. Kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Na anayelea wa mwenzie kazi yake ni mara mbili, kwani mtoto aliyefiwa huja na huzuni yake, hukojoa kitandani, huiba mkate akauficha, hukasirika bila ya sababu. Mlezi asipopata wa kumshika mkono, huchoka, na uchovu ndio mlango ambao ubwana huingilia. Mshahara wa kulea asiutazamie. Msaada uliopo ni huu: elimu ya skuli za serikali haina ada, tangu mwaka 2016 hadi kidato cha nne na tangu 2022 hadi cha sita, kaya zilizo masikini sana huandikishwa katika mpango wa TASAF, na afisa ustawi yupo wa kushauriana naye. Lakini daftari, sare, viatu na nauli vyabaki, na hapo ndipo mahali petu. Yatima fakiri ni mstahiki wa zaka. Kwa nini msikiti wenye feni kumi na mbili usiwe na sanduku moja la walezi?

Na neno la mwisho ndilo lililonikaa moyoni tangu Bariadi. Yule bibi hakuwa ameshindwa kulea. Alikuwa ameshindwa kununua. Nauli iliyomleta binti pwani, na chakula alichokula huku, vingalitosha kumweka darasani kwao, akilala karibu na ndugu zake watatu. Mtume alipotuahidi kuwa mwenye kumkafili yatima atakuwa karibu naye Peponi kama vidole viwili vya mkono mmoja, hakusharutisha kuwa yatima alale chini ya dari yetu. Basi kabla ya kumtoa mtoto kwao, jiulize: je, siwezi kumlea hapo hapo alipo, kwa mkono wa bibi yake?

Yule ndugu yangu alikasirika, akakaa siku tatu bila ya kunisalimu. Siku ya nne alinijia baada ya sala ya isha, akaniuliza nauli ya Bariadi ni kiasi gani, na daftari na sare vyagharimu nini. Hakusema zaidi, nami sikumwuliza. Namwomba Mwenyezi Mungu amthibitishe, na atusamehe sisi tuliokunywa chai ile bila ya kuuliza nani aliyeichemsha.

Wabillahi taufiki.