Bomba Bovu: Tulitengeneze au Tulibadili?

Somo: Walawi 14:33–53

Wapendwa katika Bwana, katika Torati limo agizo ambalo wengi wetu hulipita upesi, maana lanena habari za mawe na udongo wa kukandikia. Ni agizo la nyumba iliyopata pigo ukutani. Mwenye nyumba hakupewa ruhusa ya kuyafunika madoa na kunyamaza, wala hakuambiwa aibomoe nyumba siku iyo hiyo. Alipaswa kumwita kuhani. Kuhani alitazama, akaifunga nyumba siku 7, kisha akatazama tena. Pigo likiwa limeenea, mawe mabaya yalitupwa nje ya mji, kuta zikakwanguliwa, na mawe mengine yakatiwa mahali pao. Pigo lisipoonekana tena, nyumba ilikuwa safi. Lakini likirudi baada ya hayo yote, nyumba ilibomolewa, mawe yake na miti yake na udongo wake.

Hekima hii yatufaa hata leo, hasa katika jambo tusilopenda kulitaja, yaani mabomba ya maji machafu yapitayo chini ya nyumba na nyua zetu. Bomba likivuja au likiziba, twaulizana: Tulitengeneze, au tuling'oe na kuweka jipya? Mara nyingi mfuko ndio ujibuo kwanza. Lakini mfuko hauna macho.

Kwanza, yatupasa kutazama. Bomba la chuma huliwa na kutu kutoka ndani, likaonekana zima kwa nje. Bomba la udongo wa kuchomwa hupasuka, na mizizi ya miti hupenya katika maungio yake ikitafuta maji. La plastiki haliliwi na kutu, lakini lisipolazwa vema hudidimia, maungio yakaachana. Kwa hiyo fundi asianze kwa saruji. Na alizibe bomba upande wa chini, alijaze maji, angoje. Maji yakipungua, panavuja. Ndipo achimbe aone ni wapi, na ni mahali pangapi.

Pili, yatupasa kupambanua. Ikiwa ubaya u mahali pamoja tu, na bomba lililosalia ni zima na mteremko wake ni mwema, kulitupa lote ni kuharibu mali tuliyokabidhiwa. Kipande kibovu kikatwe, kitiwe kipya. Lakini ikiwa ufa wazibwa hapa ukatokea pale, au kutu imekula mahali pengi, au bomba limedidimia hata maji yasimama ndani yake, kiraka ni kujidanganya. Tuhesabu ujira wa fundi aliyeitwa mara tatu, na sakafu iliyovunjwa mara tatu, nasi tutaona ya kuwa bomba jipya halikuwa ghali.

Tatu, tumkumbuke jirani. Mwisho wa Agosti 1854 kipindupindu kiliwashika watu wa Broad Street na mitaa iliyoizunguka, mjini London, na zaidi ya 600 wakafa. Daktari John Snow alisema ya kuwa sababu ni maji ya kisima kimoja chenye pampu, na tarehe 8 Septemba mpini wa pampu ile ukaondolewa. Kisha kisima kikatazamwa kwa ndani, wala haukuonekana ufa. Kasisi Henry Whitehead, aliyewatunza watu wa mtaa ule, hakuyaamini maneno ya daktari. Akaenda nyumba kwa nyumba akiuliza, hata yale aliyoyasikia yakamgeuza. Akapata habari ya kuwa katika nyumba namba 40 mtoto mchanga aliugua kuhara kabla ya wengine, na maji ya kufulia nguo zake yalimwagwa katika shimo la nyumba ile. Mwaka 1855 mahali pale pakachimbuliwa. Matofali ya mfereji na ya shimo yalikuwa yameoza, uchafu ukipenya udongoni. Na kutoka shimo hata kisima hapakufika meta moja.

Mama yule hakukusudia mabaya. Alimwuguza mwanawe kama mama awaye yote, wala hakujua yaliyo chini ya miguu yake. Sisi twajua. Kwa hiyo bomba letu likipita karibu na kisima, chetu au cha jirani, tusiulize kwanza kiraka ni bei gani, bali tuulize ni nani anywaye maji yale. Na kama mwenye bomba bovu ni mjane asiyeweza gharama, wazee wa usharika wasimlaumu. Na wamsaidie kuchimba na kununua.

Tena, wapendwa, moyo nao una mifereji yake iliyofichika. Liko kosa la mahali pamoja, ambalo kuungama na kupatana kwaliponya. Bali uko ubaya tuuzibao kila mwaka, nao kila mwaka hutokea upande mwingine na kuwachafulia maji walio karibu nasi. Huo hautaki kiraka. Daudi alipoona ubaya wake hakuomba kutengenezewa moyo wa zamani, bali aliomba kuumbiwa moyo safi.

Basi kabla ya mvua kuujaza udongo maji na kueneza uchafu, kila mwenye nyumba na atazame. Kilicho kizima tusikitupe, kilichooza tusikifunike. Bwana atupe macho ya kuona yaliyo chini, na mioyo ya kumhurumia jirani. Amina.