Jicho Hutangulia Mshale

Hukumu ya uwindaji aghalabu huangukia mkono. Watu huuliza nani aliyepiga, kwa silaha gani, kwa ruhusa ya nani, na nyama ilikwenda wapi. Ni nadra mtu kuuliza nani aliyeona kwanza. Lakini katika uwindaji wa mlimani, na hasa ule wa upinde, kazi ya mkono huisha kwa kufumba na kufumbua, hali jicho limekwisha kufanya kazi yake kwa siku nyingi. Nataka kulitazama swali hili: mtu apandaye mlimani kabla ya majira ya kuwinda kufunguliwa, hana silaha, akajifunza njia za mnyama, malisho yake na maji yake, ili arudi baadaye kumwua, je, amekwisha kuanza kuua? Na kama ameanza, anawiwa nini na kiumbe anayemtazama?

Nchi niliyo nayo mawazoni ni Handeni na Korogwe. Handeni ni nchi ya Wazigua, nchi ya miyombo na miiba, ambayo kwa upande wa magharibi hupanda polepole hadi milima ya Nguu. Milima hiyo zamani ilihesabiwa katika Handeni, na tangu 2002 imo katika wilaya ya Kilindi. Mji wa Korogwe uko kaskazini, kando ya mto Pangani, ambao wenyeji huuita Ruvu, na nyuma yake imesimama Usambara kama ukuta. Bungu na Vugiri ni sehemu za Korogwe zilizo juu ya ukuta huo. Masika hunyesha kutoka Machi hata Mei. Kwa hivi mwezi wa Julai, ambao ndio uliozoeleka kuwa mlango wa msimu wa kuwinda, majani bado ni marefu na vijito vya mlimani vingali vinatiririka. Mnyama hana dhiki ya maji, wala halazimiki kukutana na wenzake penye dimbwi moja. Anayemtaka mnyama wakati huo hana budi amjue mmoja mmoja.

Mnyama wa Ulaya mwenye pembe za matawi, zianguazo na kuota tena kila mwaka, huku kwetu hayuko. Aliye karibu naye kwa tabia ya kupenda vichaka ni mbawala, ambaye wengine humwita pongo. Hukaa peke yake, hapendi kuhama, na hutoka mapambazuko na magharibi kula majani ukingoni mwa msitu. Akiachwa kwa amani huweza kuonekana katika bonde lile lile mwaka mzima. Tabia hii ya kushika makao ndiyo inayomfaa mpelelezi, na ndiyo inayomponza mbawala.

Upinde hautaki umbali. Hatua thelathini kwake ni nyingi, na ishirini si chache. Mwenye bunduki anaweza kumpiga ng'ambo ya bonde mnyama ambaye hakumwona mpaka dakika ile. Mwenye upinde hawezi. Ni sharti ajue kwanza hata mwenendo wa hewa. Usiku ardhi ya mlimani hupoa, na hewa baridi, iliyo nzito, huteremka mabondeni. Jua likisha kuupasha moto ubavu wa mlima, hewa hugeuka ikapanda. Kwa sababu hiyo msasi wa alfajiri hukaa chini ya malisho, na wa adhuhuri hukaa juu yake. Baina ya nyakati hizo mbili kuna kitambo ambacho upepo huyumba, na harufu ya mtu hutangazwa kila upande. Mbawala akiinusa hubweka kama mbwa, na bonde zima likajua. Elimu hii haipatikani kwa siku moja, wala haiuzwi dukani. Hupatikana kwa kukaa kimya, kwa umande na baridi, asubuhi baada ya asubuhi.

Tena kuna elimu nyingine iliyo nzito kuliko ya upepo. Mbawala hana mwezi mmoja maalumu wa kuzaa. Jike akizaa humficha mtoto wake kichakani, akaenda kula mbali naye, akarudi kumnyonyesha. Hula hata kinyesi cha mtoto ili pasiwe na harufu ya kumwita chui. Kwa hiyo jike aonekanaye peke yake malishoni huenda si peke yake. Aliyefika leo kwa mara ya kwanza hawezi kujua. Aliyekwisha kumtazama siku kumi, akaona kuwa kila asubuhi hurejea penye kichaka kile kile, huyo anajua. Na akijua hawezi tena kujitetea kwa ujinga. Kila siku anayoongeza juu ya mlima humwongezea uwezo wa kuua na humpunguzia udhuru.

Wapo wasemao kuwa jambo lote hili ni hiana. Kujifunza desturi za kiumbe, wapi anywapo na wapi alalapo, kwa nia ya kumvizia papo hapo, kwao hakupambanuki na kazi ya mwivi achunguzaye nyumba ya jirani. Hoja hii si nyepesi, na katika milima hii ina ushahidi wa wanadamu. Ludwig Krapf alifika Usambara kwa mfalme Kimweri mwaka 1848 na tena 1852, akatazama nchi na kuiandika. Oscar Baumann alikuja 1888 na 1890, akaipima na kuichora. Na Wajerumani walipoishika nchi hawakuja gizani. Mwenyeji wa Usambara ana sababu ya kumshuku mgeni ambaye kazi yake ni kutazama tu.

Walakini hiana hutaka uaminifu uliotangulia. Mbawala hakumwamini msasi hata siku moja. Maisha yake yote ni kutomwamini. Aliyeamini ni mbuzi wa zizini, ambaye alilishwa kwa mkono ule ule uliomchinja, wala mfugaji hatumwiti haini. Mimi naona kosa, likiwapo, haliko katika kutazama, bali katika kutazama kwa jicho lililokwisha kuamua. Anayepanda mlimani akiwa amekata shauri kuwa lazima ateremke na nyama hapelelezi. Anatafuta tu mahali pa kupiga. Upelelezi wa kweli una majibu mawili, ndiyo na la. Bonde hili halina ila dume mmoja: basi la. Jike huyu ananyonyesha: la. Genge hili haliruhusu mtu kumfuata mnyama aliyejeruhiwa: la. Jibu hili la mwisho husahauliwa sana. Sumu ya msunguti, ambayo wasasi wengi wa Afrika ya Mashariki waliipaka vigumba vyao, husimamisha moyo, lakini si papo hapo. Na mshale usio na sumu hutaka mnyama avuje damu. Kwa vyovyote atakimbia kwanza. Asiyejua atakimbilia wapi hakustahili kuuachia ugwe.

Kinyume cha msasi huyu ni mtego wa waya. Uzi wa chuma, pengine wa breki ya baiskeli, hufungwa penye mapito, na aliyeufunga akaenda zake kulala. Mtego haubagui dume na jike wala aliye na mimba. Hunasa usiku, na mwenyewe akichelewa kurudi nyama huoza. Mtego ni mkono usio na jicho. Sheria za nchi hii, tangu amri ya gavana von Wissmann ya 1896 hata Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009 iliyochukua nafasi ya ile ya 1974, zimeshughulika hasa na mkono: leseni, silaha, mahali na majira. Sizilaumu, mkono ndio ushikikao. Na ardhi yenyewe haingoji falsafa. Katika Handeni, kijiji cha Msomera kimepokea tangu 2022 familia zilizohama Ngorongoro pamoja na mifugo yao, na popote watu na mifugo wanapoongezeka vichaka hupungua. Pale mnyama anapokuwa haba, kila mshale una uzito zaidi.

Wanazuoni wa Kiislamu, ambao elimu yao imekaa sana katika pwani na bara ya Tanga, hawakuishia katika mkono. Kwao mshale uliochoma kwa makali yake hutofautishwa na ule uliopiga kwa ubavu, na mnyama aliyechomwa kisha akaanguka majini hutiliwa shaka, kwa kuwa haijulikani ni kipi kilichomwua. Lakini lililo karibu zaidi na swali letu ni hukumu ya mtu aliye katika ihramu. Huyo hakukatazwa kuwinda mnyama wa bara tu, bali amekatazwa hata kumwashiria msasi. Asili yake ni kisa cha Abu Qatada katika mwaka wa Hudaibiya. Wenzake walikuwa katika ihramu, yeye hakuwamo. Walimwona punda mwitu, na yeye ameinama anashona kiatu chake. Hawakumwambia, ingawa walitamani amwone. Alipoinua macho akamwona, alirukia farasi wake akasahau mjeledi na mkuki. Akawaomba wampe, wakakataa. Akashuka, akavitwaa mwenyewe, akamwua punda. Walikula, kisha wakaingiwa na shaka, wakaenda kumwuliza Mtume. Naye aliwauliza kama yuko miongoni mwao aliyemwamuru au aliyemwashiria. Waliposema hayuko, aliwaruhusu kula kilichosalia.

Tazama swali lililoulizwa. Aliyeua alijulikana. Kilichochunguzwa kilikuwa kidole: nani alimwonyesha. Hapa kuonyesha kumehesabiwa kuwa sehemu ya kuua, na tamaa ya moyoni isiyotoka kinywani haikuhesabiwa.

Usambara nayo ina kisa cha namna hii katika mwanzo wa ufalme wake. Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi kilichohaririwa upya na J. W. T. Allen mwaka 1962, kinamsimulia Mbegha, msasi wa Nguu, ambaye ndugu zake walimnyima urithi kwa kuwa aliota meno ya juu kwanza. Akiwa Kilindi alifuatana na mtoto wa mkubwa wa huko katika kuwinda nguruwe, na nguruwe akamwua kijana yule. Mbegha hakumwua. Hata hivyo hakungoja. Alikimbia, kwa kujua kuwa aliyeongoza ataulizwa. Mbio zile zilimfikisha Usambara, ambako aliwapa watu nyama nao wakampa chakula cha mashamba, na mwishowe wakamfanya mfalme huko Vuga. Nimewasikia wengi wakimsifu kwa mkuki wake na mbwa wake. Mimi naona Washambaa walipata kwake kitu adimu zaidi, yaani mtu aliyejua nchi hatua kwa hatua kabla ya kuitawala. Lakini damu ya yule kijana wa Kilindi ilibaki nyuma yake bila kuamuliwa.

Hadi hapa nimesema kana kwamba jicho na mkono ni vya mtu mmoja. Katika uwindaji wa kitalii si hivyo. Tajiri huja kutoka ng'ambo akakaa siku chache. Awezaye kusoma nyayo, kutambua kinyesi cha leo na cha juzi, na kujua dume yuko bonde gani, ni mwenyeji anayelipwa ujira. Huyu hutangulia kabla ya mgeni kufika, akazunguka, akaona, akarudi na habari. Mgeni hupiga, hupigwa picha na pembe, akaenda zake. Katika hesabu ya sheria aliyeua ni mwenye leseni. Katika hesabu niliyoifuata hapa, mwonyeshaji ana fungu lake, na pengine kubwa, kwa sababu ndiye pekee aliyemjua mnyama. Mgeni hawezi kusema la kwa habari ya kichaka asichokijua. Anayeweza ni mwenyeji.

Je, ana nafasi ya kusema hivyo? Wale wenzake Abu Qatada walinyamaza na hawakupoteza kitu, maana riziki yao haikuwa katika kusema. Mfuata nyayo wa siku hizi ana watoto wa kulisha na ada za shule, na kinachonunuliwa kwake ni kile kidole hasa. Kumtaka abebe peke yake dhamana ya jicho, hali mkono umelipia kila kitu isipokuwa dhamana hiyo, ni kumwonea. Ningependa kwanza mgeni alazimishwe kupanda mlimani naye asubuhi tatu au nne, mikono mitupu, kabla hajakabidhiwa silaha yoyote. Akae chini ya malisho alfajiri, upepo ukiteremka, amwone jike akirudi kichakani, ndipo aulizwe anataka nini.