Jasusi na Mlango wa Toba

Nafundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule ya sekondari hapa Tanga, na swali lililonikaa moyoni kuliko yote lilitoka kwenye sinema. Kijana wa kidato cha tatu aliniuliza: "Ustadh, James Bond akiua kwa amri ya serikali yake, dhambi anaandikiwa nani?" Tangu hapo kila filamu ya kijasusi ninayoitazama, ya zamani au ya sasa, naitazama kwa swali hilo.

Nianze na Bond mwenyewe. Filamu yake ya kwanza ya sinema, Dr. No, ilitoka mwaka 1962. Yuko Jamaika, usiku, amekaa kwenye kiti gizani, na kitandani amepanga mito ionekane kama mtu aliyelala. Profesa Dent anaingia na kuimiminia risasi ile mito. Baadaye anaivizia bastola yake tena, anavuta, haitoki kitu. Bond anajua kuwa imekwisha kwa sababu risasi alikuwa akizihesabu. Anampiga mtu asiye na silaha, na akishaanguka anamwongeza nyingine mgongoni. Kisha anafungua kizuia sauti cha bastola bila haraka yoyote, na hadithi inaendelea. Filamu haioni kasoro hapo. Zile sifuri mbili kwenye namba yake ni ruhusa ya kuua: serikali imeubeba mzigo, yeye anatembea mwepesi.

Dini yetu haikatai kwamba vita vina wapelelezi wake. Katika vita vya Khandaq, usiku wa baridi na upepo mkali, Mtume (s.a.w.) alimtuma Hudhayfa bin al-Yaman akalete habari za kambi ya maadui, akamwonya asiwachokoze. Hudhayfa akamkuta Abu Sufyan anaota moto. Akaupachika mshale kwenye upinde, na kwa maneno yake mwenyewe, lau angeuachia angempata. Akalikumbuka agizo, akauzuia mshale. Miaka michache baadaye Abu Sufyan alisilimu. Kila nikisoma kisa hiki namkumbuka Dent kwenye ile sakafu.

Tena huko ni vitani, kwa adui aliyekuja kuuzingira mji. Kuchungulia aibu za watu majumbani mwao kumekatazwa waziwazi katika Surat al-Hujurat, aya ya 12. Yapo masimulizi mashuhuri kwamba hata Khalifa Umar aliporuka ukuta na kumkuta mtu katika maasi, mwenye nyumba alimjibu kuwa yeye amekosa moja na Khalifa amekosa matatu: amepeleleza, hakupitia mlangoni, na hakutoa salamu. Umar akamwacha.

Ajabu ni kwamba sinema iliujua uzito wa kuua kwa amri kabla ya Bond. Mwaka 1936, katika Secret Agent ya Alfred Hitchcock, majasusi wawili wa upande wa Uingereza wanamchukua mzee mmoja hadi mlimani huko Uswisi wakiamini ndiye adui. Mmoja anamsukuma korongoni. Mwenzake moyo umemshinda, anatazama kwa darubini kutoka mbali. Wakati uleule, hotelini, mbwa wa yule mzee anaanza kulia mlangoni. Kisha inakuja simu ya maandishi: mtu siye. Wenye amri walikosea, na aliyekufa amekufa.

Nadhani ilichukua mambo ya kweli, tena machungu, kuirudisha sinema kwenye dhamiri ile. Watu walipokuwa wakimshangilia Bond mwaka 1962, Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, alikuwa ameuawa Januari ya mwaka uliotangulia. Mwaka 1975 kamati ya Seneti ya Marekani chini ya Frank Church ilieleza kwamba CIA ilikuwa imepeleka sumu Léopoldville ili itumike kumuua, ingawa haikutumika. Larry Devlin, mkuu wa kituo chao pale, alikuja kusimulia kwamba aliifungia kwenye kasha la chuma, na baadaye akaitupa Mto Kongo. Amri ilimfikia, na mkono wake ukabaki wake.

Filamu iliyonigusa kuliko zote ni The Conversation ya Francis Ford Coppola, ya mwaka 1974, mwaka aliojiuzulu Rais Nixon. Harry Caul, ambaye Gene Hackman amemwigiza, hana bunduki. Kazi yake ni kunasa mazungumzo ya watu kwa malipo. Ni Mkatoliki mwenye kukereka akisikia jina la Mungu likitajwa ovyo. Kazi yake ya zamani ilisababisha watu kuuawa, na sasa anahofia kijana na binti aliowanasa uwanjani San Francisco watapatwa na yaleyale. Anakwenda kuungama. Anamwambia padri kwamba amewahi kuchukua magazeti bila kulipa. Halafu anaigusia ile kazi, na papo hapo anasema yeye hahusiki. Anasema hivyo akiwa amepiga magoti! Mwishoni anaibomoa nyumba yake mbao kwa mbao akitafuta kinasa sauti alichotegewa, na mbele ya sanamu ya Bikira Maria anasita, kisha anaivunja. Haina kitu ndani.

Toba ina masharti yake: kuiacha dhambi, kuijutia, na kuazimia kutoirudia. Kama umemdhulumu mja, lipo la nne, kumrudishia haki yake. Hili la nne ndilo lililomshinda Caul, na kwa miaka mingi majasusi wa sinema hawakulisogelea.

Kisha mwaka 2004 ikaja The Bourne Supremacy. Jason Bourne amepoteza kumbukumbu, na mtu asiyekumbuka hana cha kutubia, hivyo kukumbuka kwenyewe kunakuwa mwanzo wa toba yake. Akishakumbuka anakwenda Moscow akiwa majeruhi, anakaa kwenye kiti gizani katika nyumba ya binti ambaye wazazi wake aliwaua Berlin. Tangu hapo binti ameambiwa kwamba mama alimuua baba kisha akajiua. Bourne anamwambia ukweli: mama yako hakumuua baba yako, ni mimi. Anaomba radhi, anatoka kwenye theluji akichechemea. Hamfufulii mtu, lakini jina la mama amelisafisha. Hatafuti kivuli cha waliomtuma, ingawa walimtuma kweli. Kwangu hicho ndicho kitendo cha kishujaa kuliko risasi zote za filamu hizi.

Wazazi na walimu wenzangu, vijana wakipenda sinema za kijasusi msiwafungie. Watafutieni hizi mbili, The Conversation na The Bourne Supremacy, mkae nao hadi mwisho, kisha waulizeni: nani hapa anadaiwa, na amemlipa nani?