Je, Fumbo la Kila Asubuhi ni Upuuzi?

Ndugu msomaji, huenda nawe umo miongoni mwa wale ambao kila kunapopambazuka huifungua simu na kulitafuta fumbo la siku hiyo. Mafumbo ya namna hii ni mengi. Lililovuma sana ni Wordle, ambalo Josh Wardle alilitunga kwa ajili ya mwenzi wake apendaye michezo ya maneno, kisha akalitoa kwa watu wote Oktoba 2021. Mchezaji hulikisia neno la Kiingereza lenye herufi 5, kwa majaribio yasiyozidi 6. Herufi iliyo mahali pake huonyeshwa kwa kijani, na iliyomo katika neno lakini si mahali pake huonyeshwa kwa manjano. Kila siku hutolewa neno 1 tu, na wote hupewa lile lile. Tarehe 1 Novemba 2021 walicheza watu 90. Kwa muda wa miezi 2 tu wakafikia 300,000.

Kijana mmoja aliyefanya baiat aliniuliza: "Mwalimu, je, mchezo huu si upuuzi?" Nilimjibu kwa haraka kwamba Kurani Tukufu, katika Sura Al-Muuminun, imehesabu kujiepusha na upuuzi kuwa sifa ya waaminio, basi na auache. Akainamisha kichwa, kisha akasema: "Nitauacha. Ila mama yangu hajasema nami tangu niliposilimu, na huu ni mwaka wa pili. Kitu pekee aniletacho kila asubuhi ni vile visanduku vya kijani na manjano vya fumbo lake, nami humpelekea vyangu."

Hapo nilitambua kuwa nimehukumu kabla ya kuuliza.

Basi tulitazame jambo lenyewe. Upuuzi ni nini? Si kila kifurahishacho. Upuuzi ni lile lisilo na faida, limwondoalo mtu katika lenye faida. Kuichemsha akili kwa fumbo si dhambi. Mtume Mtukufu s.a.w. mwenyewe aliwategea masahaba fumbo: ni mti gani usiopukutisha majani, ufananao na Mwislamu? Wakawaza miti ya jangwani. Abdullah bin Umar r.a. alifahamu moyoni kuwa ni mtende, lakini akaona haya kusema kwa kuwa alikuwa mdogo wao. Baadaye Hazrat Umar r.a. alimwambia kuwa angalifurahi sana kama angalisema. Wazee wetu nao walikaa na watoto jioni, mmoja akisema "Kitendawili!" na wengine wakiitikia "Tega!", na watoto wakapata akili na adabu kwa pamoja.

Wala fumbo la namna hii si kamari, maadamu hakuna mali iwekwayo ili mmoja ale na mwingine aliwe. Lakini angalia, msomaji: Kurani Tukufu, katika kuiharamisha kamari, imetaja pia kuwa huwazuia watu wasimkumbuke Mwenyezi Mungu na wasisali. Basi hata mchezo ulio halali, ukileta tunda hilo hilo, umeonja sumu hiyo.

Jipime kwa kipimo hiki. Mchezo huu huhesabu siku ulizofaulu mfululizo. Je, hesabu hiyo ikikatika baada ya siku 100, unahuzunika? Na sala ya Alfajiri ikikupita, unahuzunika zaidi au kidogo kuliko hapo? Moyo wako wenyewe utakupa fatwa. Mtume s.a.w. alitufundisha kuwa amali impendezayo Mwenyezi Mungu zaidi ni ile idumuyo, ijapokuwa ndogo. Mtu awezaye kudumu na herufi 5 kila asubuhi hana udhuru wa kushindwa kudumu na aya 5.

Tena yako haki ya wazazi. Asma binti Abu Bakr r.a. alijiwa na mama yake aliyekuwa bado mshirikina, akamwuliza Mtume s.a.w. kama amtendee wema. Akaamriwa amwunge. Uislamu hauji kumkata mtoto na mama yake. Ikiwa uzi uliobaki baina yao ni mwembamba kama visanduku vichache vya rangi, ni nani mimi nishike mkasi?

Nilimwita yule kijana nikamwomba radhi. Nikamwambia: "Sali kwanza, usome Kurani, kisha ulifumbue fumbo lako, na unapompelekea mama yako, ongeza salamu ya maneno machache kila siku." Baada ya majuma kadhaa alinijia akiwa na machozi. Mama yake alikuwa amemwuliza kama anakula vizuri.

Ndugu msomaji, usiharakishe kuharamisha alichokihalalisha Mungu, wala usiharakishe kukiita halali kinachokuibia sala yako. Mwenyezi Mungu atujalie kuzitumia saa zetu kwa radhi Yake. Amin.