Kasi Unayo, Tafuta Breki

Kijana wa Pasua, Majengo na Kiboriloni, unayetafuta kasi kila jioni uwanjani, nisikilize. Kasi unayo. Unachokosa ni breki. Beki anayepigwa chenga kirahisi mara nyingi si mzito wala mvivu. Amekuja mbio, kifua juu, magoti yamekaza. Mshambuliaji anapokata ndani, yeye bado anasukumwa mbele na mwendo wake mwenyewe.

Kugeuka vizuri huanza hatua moja kabla ya kugeuka. Hapo ndipo unaposhusha nyonga, unakunja goti na kupunguza mwendo. Hatua inayofuata, mguu unatua pembeni mwa mwili, upande wa pili wa unakokwenda, goti likielekea vidole vinakoelekea, kisha unaisukuma ardhi kwa nguvu zako zote. Goti likiangukia ndani, ukano wake wa mbele unaweza kukatika bila mtu yeyote kukugusa, na msimu mzima ukakupotea.

Breki hiyo hufungwa hasa na misuli ya mbele ya paja, inayofanya kazi huku ikivutika. Na misuli hiyo hukomaa kwenye mteremko. Ninyi mna Mlima Kilimanjaro! Watu husifu kupanda; mimi nasifu kushuka. Mkimbiaji Simon Mtuy wa Mbahe, karibu na Marangu, mwaka 2006 alifika kileleni, mita 5,895, akarudi chini kwa saa 9 na ushei, akijibebea mwenyewe chakula na maji. Huwezi kushuka kwa mwendo ule kama miguu haijui kujizuia. Watazameni pia wapagazi wanavyoteremka njia ya Mweka na mizigo yao: hatua fupi, magoti yamelegea, macho yanasoma njia kabla mguu haujatua.

Basi shuka. Anza taratibu, kwenye mteremko mdogo wa udongo, mara mbili kwa wiki. Mapaja yatauma siku za mwanzo, yape nafasi yapone. Ukirudi uwanjani, ruka na utue kwa mguu mmoja, utulie hapo bila kuyumba. Kisha kimbia mita 10 usimame kwa hatua tatu. Ukiweza, kwa mbili. Makocha, msiseme muda hautoshi: mazoezi ya kupasha mwili ya FIFA 11+ huchukua dakika 20 tu, na yanataka mpira na uwanja, basi.

Kesho jioni panga mawe mawili, kimbia, geuka. Anza na upande unaouogopa.