Mguu Uliopumzika

Ralph Teetor, mhandisi wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1890 katika mji mdogo wa Hagerstown, Indiana, alipofuka akiwa na umri wa miaka 5. Ndiye aliyebuni chombo cha kushika mwendo wa gari, akapewa hataza yake mwaka 1950. Yasimuliwa kwamba wazo lilimjia alipokuwa garini na wakili wake: wakili akizungumza, gari hupunguza mwendo, akinyamaza kusikiliza, huongeza. Asiyeona aliuhisi mshtuko ule kwa mwili wake wote. Mwenye macho hakuwa na habari.

Mwaka 1958 kampuni ya Chrysler ilianza kukiuza chombo hicho kwa jina la Auto-Pilot, yaani rubani wa kujiendesha. Jina zuri kwa biashara, lakini ndani yake mna kosa la kifikra. Rubani hutazama mbele. Chombo kile hakikutazama kitu. Kilipima mwendo, kikaongeza mafuta au kuyapunguza, basi.

Mtu akimwakilisha mwenziwe katika jambo, lawama huweza kugawanyika, kwani wakili ana akili yake: huulizwa akajibu, na hukataa agizo baya. Chombo hakikatai. Barabara ikirowa na tairi zikaanza kuelea juu ya maji, mguu uliokanyaga mafuta huhisi utelezi na aghalabu hujiondoa kabla mwenyewe hajafikiri. Chombo cha kawaida, mwendo ukipungua, huongeza mafuta, na magurudumu yakazunguka pasipo mshiko. Ndiyo sababu madereva huonywa wasikitumie penye mvua, barafu, kona nyingi au msongamano. Magari ya siku hizi yana rada ya kupimia umbali wa gari lililotangulia. Hata hivyo watengenezaji wenyewe huonya kwamba huenda isilitambue gari lililosimama.

Je, dereva aliyegonga huku mguu wake umepumzika ametenda nini? Aristotle aliona kwamba mlevi hustahili adhabu ingawa hakujua alitendalo, kwa kuwa kutojua kwake kulianza kwa hiari yake. Mfano huu haulingani sawasawa, maana kupumzisha mguu katika barabara ndefu, nyoofu na kavu si aibu hata kidogo. Tena huepusha kupitisha kiwango cha mwendo bila kukusudia. Kosa halimo katika kukabidhi. Limo katika dakika ile mawingu yalipotanda mbele yake, akayaona, asikitwae alichokabidhi.

Na kukitwaa ni kazi nyepesi: akigusa breki kidogo tu, chombo huachia. Lakini mguu uliokwisha kurudishwa nyuma chini ya kiti una safari yake. Kwa kilomita 100 kwa saa, gari hupita karibu mita 28 katika kila sekunde, nao mguu ungali njiani.